Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na takwimu Zanzibar: tupeni programu huria

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Nawaandikia kutoka Chake Chake. Nafundisha takwimu, na jioni hukaa na wanafunzi wa vyuo wanaomalizia utafiti wao, wengi wao watoto wa Pemba wanaorudi nyumbani na dodoso zilizojazwa, wasijue pa kuanzia. Barua hii naielekeza kwenu nyote mlioshika dhamana ya elimu ya juu, ya takwimu na ya serikali mtandao hapa Zanzibar. Jambo lenyewe limekaa katikati yenu, na ni rahisi kila mmoja kudhani ni la mwenzake.

Ombi langu nalitaja mapema ili asiye na nafasi ya kusoma hadi chini alijue. Programu huria za takwimu, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzigawa bila ya kulipia leseni, ya mbele ikiwa ile iitwayo R, ziwe ndizo zinazofundishwa na kukubaliwa rasmi katika vyuo vya umma na ofisi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Na ripoti yoyote ya takwimu iliyolipiwa kwa fedha za umma itoke pamoja na amri, yaani mistari ya maagizo iliyoandikiwa kompyuta, zilizozaa tarakimu zake.

Tuitazame hali ilivyo sasa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika kwenye sura ya tatu ya utafiti wake kwamba data zitachambuliwa kwa SPSS, programu ya takwimu ya kulipia. Mara nyingi hakuichagua. Ameikuta kwenye mwongozo au kwenye kazi ya aliyemtangulia, na sentensi hiyo hunakiliwa mwaka hadi mwaka. SPSS ni programu nzuri, ipo tokea 1968, na tokea 2009 ni mali ya kampuni ya IBM. Sina ugomvi nayo. Ila leseni yake hulipiwa kwa fedha za kigeni, na mtoto wa mvuvi wa Wesha hana fedha hizo. Basi huenda kwenye duka la kutilia nyimbo kwenye simu, akatoa shilingi elfu chache, na kijana wa dukani akazima ulinzi wa kompyuta, akachomeka flashi, akamwekea nakala iliyovunjwa kufuli. Kila mtu mjini anajua duka lilipo. Wasimamizi wa utafiti wanajua. Wafanyakazi wa ofisi za umma nao wanapita hapo hapo.

Mwaka mmoja alinijia msichana wa Micheweni aliyekuwa amehoji kinamama wanaolima mwani. Baada ya kutiliwa programu ya namna hiyo, mafaili yake yote yalibadilika majina na hayakufunguka tena. Kilichomwokoa ni dodoso za karatasi, alizokuwa amezihifadhi ndani ya polo la mchele chini ya kitanda cha mama yake. Aliziingiza upya kaya moja baada ya moja, vidole vikiuma, huku tarehe ya kukabidhi ikikaribia. Nilimwekea R kwenye laptopu ya kuazima na tukaanza. Alipopeleka rasimu chuoni kwake, chuo ambacho sitakitaja, aliambiwa programu hiyo haimo kwenye mwongozo na arudie uchambuzi kwa ile iliyotajwa. Alikuwa na majibu sahihi, yaliyopatikana kwa njia halali, akarudishwa kwenye njia ya wizi ili apate shahada. Alirudi dukani.

Waheshimiwa, hilo ni jambo la kuumiza. Tunamfundisha kijana maadili ya utafiti katika muhula wa kwanza, halafu katika muhula wa mwisho tunamtaka aibe ili amalize.

Lakini hata kama leseni zote zingelipiwa kesho, bado ningeiandika barua hii, kwa sababu ya namna takwimu za visiwa vyetu zilivyo. Naomba mnivumilie hapa.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 893,169. Kaskazini Pemba walikuwa 272,091, Kusini Pemba 271,350, Kaskazini Unguja 257,290 na Kusini Unguja 195,873. Tafiti kubwa za kaya, ukiwemo ule wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka huo huo wa 2022, huufanya kila mkoa katika mitano hii kuwa eneo lake lenyewe la kuchukulia sampuli, ili mji usiwameze wengine. Ni uamuzi mzuri, nasi wa Pemba ndio tunaofaidika nao zaidi. Matokeo yake ni kwamba kaya iliyohojiwa Makunduchi haiwakilishi idadi ya watu sawa na ile inayowakilishwa na kaya iliyohojiwa Mpendae.

Chukueni mfano wa kubuni. Tuseme tumehoji kaya idadi sawa katika kila mkoa, tukakuta kitu fulani, maji ya bomba ndani ya nyumba kwa mfano, kimewafikia asilimia 90 ya watu wa Mjini Magharibi na asilimia 50 katika kila mkoa kati ya minne iliyobaki. Mwanafunzi anayejumlisha mikoa mitano na kugawa kwa tano atapata asilimia 58. Lakini Mjini Magharibi ina zaidi ya asilimia 47 ya watu wote wa Zanzibar, haina asilimia 20. Ukiupa kila mkoa uzito wake wa kweli, jibu ni karibu asilimia 69. Tofauti ni pointi 11, na hapo hakuna aliyedanganya wala aliyekosea kuhoji. Kwenye bajeti ya maji, pointi 11 ni vijiji vizima.

Kuna la pili lililo gumu zaidi. Katika tafiti hizi kaya hazichukuliwi mojamoja kutoka kisiwa kizima. Huchaguliwa kwanza maeneo ya kuhesabia, kisha kaya ndani ya kila eneo. Majirani hufanana: wanachota kisima kimoja, wanapeleka watoto skuli moja, wanaenda kituo kimoja cha afya. Kaya ishirini za Kojani kwa hivyo zina habari chache kuliko kaya ishirini zilizotawanyika Pemba nzima, na kosa la sampuli, yaani kiasi ambacho jibu la sampuli linaweza kupishana na hali halisi, ni kubwa kuliko programu itakavyoonesha ukiiacha idhani kila mhojiwa yuko mbali na mwenzake. Nimesoma kazi nyingi zinazotangaza kwamba Pemba na Unguja zinatofautiana kwa uhakika katika jambo hili au lile, na nikiirudia hesabu kwa utaratibu unaostahili, uhakika wenyewe hauonekani.

Sasa fikirieni. Katika SPSS kazi hii ya sampuli changamano imo kwenye moduli ya ziada inayouzwa mbali na programu ya msingi. Katika R imo kwenye pakeji, yaani fungu la amri lililotungwa tayari, iitwayo survey. Aliyeitunga ni Thomas Lumley, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Auckland, na haigharimu hata senti. Unaieleza mara moja tu kwamba huu ndio mkoa, hili ndilo eneo la kuhesabia, huu ndio uzito wa kaya. Baada ya hapo kila wastani na kila asilimia unayoiomba hutoka na kosa lake la sampuli lililo sahihi. Msichana wa Micheweni niliyemtaja aliielewa ndani ya siku chache, naye hakuwahi kuandika amri ya kompyuta maishani mwake. Kwa hiyo kifaa ambacho data za Zanzibar zinakihitaji kuliko chengine chochote ndicho hicho ambacho kwa njia ya kulipia kinawekwa kando kama nyongeza.

Nimewahi kusikia kwenye kikao kwamba cha bure ni cha majaribio. Nieleze R ilikotoka. Ilizaliwa darasani, tena visiwani. Ross Ihaka, mwenye asili ya Wamaori, na mwenzake Robert Gentleman walikuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walihitaji programu ya kuwasomeshea wanafunzi kwenye maabara yao ya kompyuta za Macintosh. Waliyoitaka hawakuipata, wakaitunga wenyewe, wakifuata lugha ya kompyuta iitwayo S, iliyobuniwa na John Chambers na wenzake katika maabara za Bell, Marekani, katika miaka ya 1970. Waliitangaza 1993. Mwaka 1995 Martin Mächler wa Zurich aliwashawishi waitoe chini ya leseni ya GNU. Kwa leseni hiyo yeyote anaweza kuitumia, kuisoma ndani, kuirekebisha na kuigawa, kwa sharti kwamba atakayeigawa asiwanyime wengine haki hizo hizo. Mwaka 1997 liliundwa kundi la kuisimamia, na ghala la pakeji liitwalo CRAN likafunguliwa Vienna, Austria. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo ghala hilo lina pakeji zaidi ya 20,000, na ofisi za takwimu za nchi kama Uholanzi na Austria zimetia mikono yao humo. Walimu wawili waliokuwa na shida ya darasani ndio walioanzisha yote haya, na hilo linanipa matumaini makubwa kila ninapolikumbuka.

R haiko peke yake. Python, lugha nyengine ya kompyuta, pamoja na pakeji yake ya pandas, aliyoianza Wes McKinney mwaka 2008, inawafaa wanaoelekea kwenye akili mnemba. QGIS, iliyoanza 2002, inachora ramani. PSPP, jamovi na JASP nitazirudia.

Zanzibar nayo si mgeni wa programu huria, na hili huwa halisemwi. Wizara ya Afya hukusanya taarifa za hospitali na vituo kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Katika mapambano ya malaria, mwaka 2012 ulianza kutumika mfumo uitwao Coconut Surveillance, nao ni huria: mgonjwa akigundulika kituoni taarifa zilipita humo, na ofisa wa wilaya akaenda hadi nyumbani kwa mgonjwa na kishikwambi chake kuwapima waliobaki. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha visiwa vyote kwa droni, ukiihusisha Kamisheni ya Ardhi, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na picha zikawekwa wazi. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walishindana kuzifundisha kompyuta zao kutambua paa za nyumba zetu kwa picha hizo hizo. Nalifurahia hilo. Nataka tu siku nyengine vijana wa Tunguu na Mchangamdogo wawe miongoni mwa wanaoshindana, na hawatakuwa kama chuoni wamefundishwa kubofya menyu za programu moja peke yake.

Nije kwenye amri kutoka pamoja na ripoti, maana najua hili ndilo litakalowatia wasiwasi zaidi.

Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart wa Chuo Kikuu cha Maryland na Kenneth Rogoff wa Harvard, walichapisha makala iliyosema nchi ambazo deni la serikali limezidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua vibaya mno, wastani wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Mawaziri wa fedha wa nchi kubwa waliitaja wakati wa kubana matumizi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, Thomas Herndon, alipewa darasani kazi ya kuirudia hesabu hiyo na kila akijaribu haikumtokea. Aliwaandikia wenyewe, nao kwa uungwana wakampa faili lao la Excel. Alipobofya kisanduku cha wastani aliona fomula imeishia safu tano kabla ya mwisho. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark hazikuwemo. Kulikuwa pia na miaka ya baadhi ya nchi iliyoachwa nje, na namna ya kuzipa nchi uzito ambayo yeye na walimu wake waliipinga. Mwaka 2013 walipoyarekebisha yote hayo walipata ukuaji wa asilimia 2.2 juu ya sifuri.

Zingatieni jinsi alivyoligundua. Kwenye Excel fomula imejificha chini ya tarakimu, na lazima uguse kisanduku kimoja kimoja kuiona. Kwenye programu za kubofya menyu ni zaidi ya hapo, kwani ukishabofya na kufunga, njia uliyopita huwa imepotea usipokuwa umejizoesha kuihifadhi. Kwenye R kila hatua ni mstari ulioandikwa: hapa nimesoma faili, hapa nimewaondoa walio chini ya miaka 15, hapa nimezipa kaya uzito, hapa nimepiga wastani. Mwengine akipewa mistari hiyo na data hizo hizo hupata jibu hilo hilo, awe Wete au Geneva. Asipolipata, kosa lina mahali pake na linaonekana. Na mfanyakazi akihamishwa au akistaafu, kazi yake inabaki ofisini. Mara ngapi ofisi zetu zimeshindwa kurudia jadweli la mwaka juzi kwa sababu aliyelitengeneza amekwenda masomoni? Uingereza nayo, Oktoba 2020, ilikuta wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani halipokei zaidi ya safu 65,536. Kama nchi tajiri hivyo imefikwa na hayo, nasi tuna haki ya kujikinga.

Mtaniuliza juu ya siri za watu, na mtakuwa na haki. Visiwa vyetu ni vidogo. Katika shehia ya Fundo, ukisema mwanamke, mjane, miaka 50 na kitu, ana shahada, hukutaja jina lakini umekwisha kumtaja. Simtaki mtu afungue faili la utafiti akamjua jirani yake ana maradhi gani. Ila tatizo hili lina wenyewe wanaolifanyia kazi. Ipo pakeji ya R iitwayo sdcMicro, iliyotungwa Austria na kutumika kimataifa katika kuzisafisha data za tafiti za kaya kabla hazijatolewa. Inapima hatari ya kila mhojiwa kutambulika, kisha inakuonesha njia za kuipunguza: kuunganisha makundi ya umri, kuficha shehia ukabakisha wilaya, kufuta jibu moja pale linapomfichua mtu. Unaona hatari kabla na baada, na unaona umepoteza habari kiasi gani. Aidha, amri zenyewe hazina siri ya mtu yeyote. Hata pale data zinapostahili kubaki ofisini, mistari ya uchambuzi inaweza kutoka. Kwa hivyo anzeni na hiyo, data zifuate taratibu.

Wapo watakaosema wafanyakazi wamezoea menyu na ni wazito kubadilika. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kwa wao zipo jamovi na JASP, hii ya pili ikitoka Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kwa macho ni menyu na majadweli kama waliyoyazoea, na chini yake ni R inayofanya kazi. PSPP ya mradi wa GNU inafungua mafaili ya SPSS na kuelewa sehemu kubwa ya amri zake, kwa hivyo hakuna kazi ya miaka iliyopita itakayopotea. R yenyewe inayasoma mafaili hayo pia. Anayetaka kuendelea na alichokizoea na ana leseni halali, aendelee. Nisemalo ni kwamba asilazimishwe asiye nayo.

Intaneti je? Faili la kuiingizia R ya msingi kwenye Windows ni chini ya megabaiti 100, na ikishaingia haihitaji bando. Pakeji ndizo zinazokula bando, kwa sababu moja huita nyengine, na mwanafunzi wa Pemba anajikuta kifurushi cha wiki kimekwisha kwa jioni moja. Dawa yake ni kuwa na nakala ya CRAN hapa hapa. CRAN inaruhusu, bali inahimiza, watu waweke nakala zake sehemu mbalimbali. Seva moja Tunguu na nyengine kwenye kampasi ya Pemba, zikijisasisha usiku ambapo mtandao hauna kazi nyingi, zingewafikishia wanafunzi pakeji zote kupitia mtandao wa ndani bila ya wao kulipia chochote. Kwa mafundi wenu wa mtandao hii ni kazi ndogo.

Sitaki niwauzie jambo hili kama halina ugumu. Kilicho bure ni leseni. Mafunzo yana gharama, na mwezi wa kwanza wa R humkatisha mtu tamaa, hasa pale kompyuta inapomjibu kwa Kiingereza cha mafumbo kwa sababu amesahau mabano. Pakeji 20,000 hazilingani kwa ubora, nyengine zimetungwa na mtu mmoja aliyekwisha kuziacha, na anayezichagua lazima awe na jicho. Matoleo hubadilika, na amri iliyofanya kazi mwaka juzi inaweza kugoma leo kama hukuandika ulitumia toleo gani. Wala hakuna kampuni iliyotia saini mkataba ambayo mtaipigia simu usiku. Ndiyo maana nasema fedha ya leseni isirudishwe hazina ikasahauliwa. Iajiri watu. Vijana watano au sita wenye mishahara, kazi yao ikiwa kuzisaidia ofisi na vyuo, kuchagua pakeji zinazofaa kwa kazi zetu na kuandika miongozo yake kwa Kiswahili, watabaki na ujuzi hapa nchini. Ada ya leseni ikishalipwa hubakisha tarehe ya kulipa nyengine.

Tokea 2023 kampasi ya IIT Madras ya Bweleo inafundisha sayansi ya data, nami nimewahimiza wanafunzi wangu waombe. Chuo kimoja hakitoshi. Anayekwenda kuwa ofisa takwimu wa wilaya ya Mkoani, au mwalimu wa hesabu skuli ya Kengeja, au mtafiti wa karafuu, hatopitia Bweleo. Atapitia vyuo vyetu vya kawaida, na huko ndiko mwongozo unakomfunga.

Basi nawaomba hivi. Wenye dhamana ya vyuo, ondoeni jina la programu kwenye miongozo ya utafiti. Mwanafunzi aandike njia aliyotumia na aambatanishe amri zake mwisho wa kazi, na msimamizi asiyeijua R apewe mafunzo kwanza. Hili halihitaji shilingi wala sheria, linahitaji barua moja yenye saini. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, chagueni chapisho moja tu lililo dogo mlitoe pamoja na amri zake, tulione, tulijaribu, na tukikuta kosa tuwaletee kwa adabu. Wa serikali mtandao, kabla ofisi yoyote haijanunua leseni mpya ya programu ya uchambuzi, itakiwe kueleza kwa maandishi ni kazi gani ambayo programu huria imeshindwa kuifanya. Huenda kweli ikawepo, na basi inunuliwe.

Mkitaka pa kujaribia, anzeni Pemba. Kwa upande wangu niko tayari kufundisha Jumamosi bila ya malipo, kwa muhula mzima, ofisa yeyote wa umma na mhadhiri yeyote atakayeletwa, kwa data halisi za mikoa yetu mitano. Nachohitaji ni chumba chenye umeme wa uhakika na kompyuta, hata ziwe kuukuu. Wapo na wenzangu wawili Unguja walioniahidi kufanya hivyo hivyo upande wa pili.

Barua hii nimeiandika hadharani na ningependa jibu nalo lije hadharani, liwe la kukubali au la kukataa pamoja na sababu zake, kabla miongozo ya utafiti ya mwaka mpya wa masomo haijachapishwa.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa takwimu,
Chake Chake, Pemba